Mstari wa Kipchoge na Mstari wa Kiptum

Usain Bolt alipomaliza mita 100 mjini Berlin tarehe 16 Agosti 2009, saa ya uwanjani iliandika sekunde 9.58. Gawanya 100 kwa 9.58 na utapata mita 10.44 kwa sekunde, sawa na kilomita 37.6 hivi kwa saa. Hesabu haina kosa. Lakini ukiitazama vizuri inasema jambo la kushangaza: kasi hiyo, ambayo ndiyo inayotajwa kuwa ya mbio nzima, Bolt aliigusa kwa nukta moja tu akiwa bado anachanganya, akaipita, na hakuirudia tena mpaka mwisho.

Tunajua hivyo kwa sababu usiku ule kulikuwa na wapimaji pembeni ya njia, na muda wake ulichukuliwa kila baada ya mita 20. Mita 20 za kwanza zilimla sekunde 2.89. Zilizofuata zilimchukua 1.75, kisha 1.67, kisha 1.61, na zile za mwisho 1.66. Tarakimu hizo tano zikisomwa kwa mfuatano zinaeleza kitu ambacho 9.58 peke yake haiwezi kukieleza. Mtu anayeanza kutoka kwenye kusimama anapoteza muda mwingi mwanzoni. Anaongeza kasi kwa kishindo, kisha kidogo kidogo, anafika kileleni kati ya mita ya 60 na ya 80, halafu anapungua. Ndiyo, Bolt alikuwa anapungua kasi akiikaribia rekodi ya dunia. Wote waliokuwa nyuma yake walikuwa wanapungua pia, na watazamaji wengi walioapa kwamba walimwona "akiongeza gia" mwishoni walikuwa wanaona wenzake wakichoka upesi kuliko yeye.

Sasa chukua karatasi ya miraba. Chora mhimili wa mlalo, huo uwe wa muda kwa sekunde. Chora mhimili wa wima, huo uwe wa umbali kwa mita. Weka nukta penye sekunde 2.89 na mita 20, nyingine penye 4.64 na 40, nyingine 6.31 na 60, kisha 7.92 na 80, na ya mwisho 9.58 na 100. Ziunganishe kwa mkono bila rula. Kinachojitokeza ni mstari unaoanza ukiwa umelala, kwa kuwa bunduki ililia na zikapita sekunde 0.146 kabla Bolt hajasukuma vibao vya kuanzia. Baada ya hapo unajikunja kwenda juu, kisha unanyooka karibu kama fimbo.

Umbali unasomwa kwenye urefu wa mstari kutoka chini. Kasi inasomwa kwenye mwinuko wake. Kipande cha kati ya mita ya 60 na ya 80 kinapanda mita 20 kikisogea kulia sekunde 1.61. Ukigawanya unapata mita 12.42 kwa sekunde, na ukizidisha kwa 3.6 unapata kilomita 44.7 kwa saa. Kipande cha kwanza kinapanda mita 20 zilezile lakini kinasogea kulia sekunde 2.89, hivyo kimeinama zaidi, na kasi yake ya wastani ni mita 6.92 tu kwa sekunde. Penye mkunjo ndipo kasi inapobadilika, na badiliko hilo la kasi kwa kila sekunde ndilo wanafizikia wanaloliita mchapuko. Penye mstari ulionyooka hakuna mchapuko, hata kama mkimbiaji anakwenda kama umeme.

Mbio fupi zinafaa kwa kuanzia, lakini utamu wa grafu uko kwenye marathoni.

Tarehe 25 Septemba 2022 Eliud Kipchoge alikimbia Berlin kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, rekodi ya dunia ya wakati huo. Mwaka mmoja na siku chache baadaye, tarehe 8 Oktoba 2023, Mkenya mwenzake Kelvin Kiptum alikimbia Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, akaivunja kwa sekunde 34. Ni rahisi kuandika tofauti hiyo na kuishia hapo. Ukizigawa mbio hizo nusu kwa nusu, hadithi inageuka. Kipchoge alimaliza nusu ya kwanza kwa dakika 59 na sekunde 51, na ya pili kwa 61:18. Kiptum alianza na 60:48, akamalizia na 59:47.

Zichore zote mbili kwenye karatasi moja, kana kwamba wawili hao walianza bega kwa bega kwenye barabara ileile. Katika nusu ya kwanza mstari wa Kipchoge uko juu. Anakwenda kwa kilomita 21.15 kwa saa, Kiptum kwa 20.82, na wanapofika katikati Kipchoge ametangulia kwa sekunde 57, ambazo kwa mwendo ule ni zaidi ya mita 300. Mtazamaji aliyeshika saa angesema mbio zimekwisha. Kuanzia hapo mistari inaanza kukaribiana: wa Kipchoge unalegea hadi kilomita 20.65 kwa saa, wa Kiptum unasimama zaidi hadi 21.17. Kati ya kilomita ya 30 na ya 35 Kiptum alitumia dakika 13 na sekunde 51, mwendo wa kilomita 21.7 hivi kwa saa, mahali ambapo wakimbiaji wengi wa marathoni wanaanza kujuta. Mistari inakatana baada ya kilomita ya 35, na kutoka hapo wa Kiptum uko juu mpaka mwisho.

Chumba cha habari kinaweza kuifupisha hadithi yote hiyo kuwa "sekunde 34". Aliyeichora amemwona mwanamume mmoja aliyewekeza mapema na mwingine aliyejizuia. Kiptum hakuishi kuifikisha mbali zaidi mbinu yake: alifariki kwa ajali ya gari tarehe 11 Februari 2024, siku chache tu baada ya rekodi yake kuthibitishwa rasmi.

Hapo mistari inapokatana ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza. Waulize darasani: pale mistari miwili ilipokutana, wakimbiaji walikuwa sawa kwa kitu gani? Wengi watajibu kasi. Mwaka 1987 Lillian McDermott na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani walichapisha makala kuhusu vikwazo vya namna hii, na mojawapo ya maswali yao lilikuwa karibu hilihili: mistari miwili ya vitu viwili vinavyotembea, je, kuna wakati vina kasi sawa? Wanafunzi walikimbilia kwenye makutano. Jibu sahihi ni kwamba penye makutano vimefika mahali pamoja kwa wakati mmoja, basi. Kasi zinalingana pale mistari inapoinama sawa, na hilo linaweza kutokea ikiwa imeachana mbali kabisa. Kwenye karatasi yetu, penye makutano ndipo Kiptum anapompita Kipchoge, na huwezi kumpita mtu kwa kwenda kasi sawa na yake.

Kosa la pili ni kuiona grafu kama picha ya ardhi. Mstari ukipanda, mwanafunzi anasema mtu anapanda kilima, ukilala anasema amefika tambarare, ukishuka anasema anateremka kwa kasi. Kumbe mstari uliolala kwenye grafu ya umbali na muda maana yake ni kwamba hakuna kinachosogea isipokuwa saa. Walimu wanalaumiwa kwa kosa hili, na kwa kiasi fulani kwa haki, maana grafu nyingi za ubaoni huchorwa kuhusu "kitu A" na "kitu B" ambavyo hakuna aliyewahi kuviona. Mwanafunzi akikosa mtu wa kumfikiria anafikiria mlima.

Kuna mbio moja ambayo mstari wake umenyooka kuliko yote, na ni vizuri uwekwe kando ya ile miwili. Tarehe 12 Oktoba 2019, kwenye bustani ya Prater mjini Vienna, Kipchoge alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mbele yake gari lilimulika mistari ya leza ya kijani barabarani kuonyesha mwendo uliotakiwa, na washika mwendo 41 walipokezana kumkinga upepo. Lengo lilikuwa dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita, na kila kilomita aliikimbia kati ya 2:48 na 2:52. Ukichora grafu hiyo kwa penseli ya kawaida, unene wa penseli unaficha tofauti zote. Haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, kwa kuwa hayakuwa mashindano ya wazi na washika mwendo waliingia na kutoka, lakini kama somo la mwendo usiobadilika ni vigumu kupata mfano bora zaidi.

Mwaka uliofuata wazo la leza likahamia uwanjani kwa sura nyingine. Usiku wa tarehe 7 Oktoba 2020 mjini Valencia, Joshua Cheptegei wa Uganda alikimbia mita 10,000 akiwa na taa ndogo zilizopangwa kwenye ukingo wa ndani wa njia, zikiwaka moja baada ya nyingine kwa mwendo uliowekwa kabla. Mwanga huo unaokimbia ni mstari ulionyooka wa grafu ulioshushwa chini kwenye njia ya uwanja: mkimbiaji akiwa mbele ya taa mstari wake uko juu, akibaki nyuma uko chini. Cheptegei alipita mita 5,000 kwa 13:07.73 na kumaliza kwa 26:11.00, akiivunja rekodi ya Kenenisa Bekele ya 26:17.53 iliyodumu tangu 2005. Nusu yake ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza kwa sekunde nne na nusu hivi.

Mbio hizo zinatupa pia njia ya kuitenga kasi na velositi, mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku tunayachanganya bila madhara. Kasi inauliza umekwenda umbali gani kwa muda gani. Velositi inauliza umetoka wapi umefika wapi, upande gani, kwa muda gani. Cheptegei alikwenda mita 10,000 kwa sekunde 1,571, kasi ya wastani ya mita 6.37 kwa sekunde, karibu kilomita 23 kwa saa. Lakini mita 10,000 ni mizunguko 25, na mstari wa kuanzia ndio huohuo wa kumalizia. Baada ya dakika 26 za kuhema alikuwa pale alipoanzia. Velositi yake ya wastani ilikuwa sifuri.

Msomaji anaweza kuona huo ni mzaha wa wanafizikia, na kwa mbio za uwanjani ni kweli kidogo. Jaribu basi nusu ya mzunguko mmoja. Mkimbiaji wa njia ya kwanza akikimbia mita 200 kutoka mstari wa mwisho, anamaliza kona na kunyoosha upande wa pili, na anaposimama yuko upande wa pili wa uwanja, mita 112 hivi kwa mstari wa moja kwa moja kutoka alipoanza. Akitumia sekunde 28, kasi yake ya wastani ni mita 7.1 kwa sekunde. Velositi yake ya wastani ni mita 4 kwa sekunde, kuelekea upande ule alikofika. Akiendelea kukimbia mpaka amalize mzunguko, namba ya pili itaishia sifuri, wakati ya kwanza haina habari. Na hata akishika kasi ileile kwenye kona, bila kuongeza wala kupunguza, velositi yake inabadilika kila hatua kwa kuwa uso wake unageuka. Ndiyo maana kwenye kona mwili huegama kuelekea ndani: kugeuka nako ni mchapuko, na miguu inaulipia.

Barabarani namba ya wastani inaleta hasara kubwa zaidi kuliko uwanjani. Tuseme basi linaondoka Dar es Salaam saa 12 kamili asubuhi, linakwenda kilomita 180 na kufika saa 3 kamili. Saa tatu, kilomita 180, wastani wa kilomita 60 kwa saa. Kwa basi linalotakiwa lisizidi 80, dereva anaonekana mpole. Sasa ichore safari yenyewe. Saa nzima ya kwanza imeishia kwenye foleni ya kutoka jijini: kilomita 30. Kisha kuna dakika 40 za mstari uliolala, basi limesimama, abiria wanakula na konda anahesabu vichwa. Zimebaki kilomita 150 na dakika 80. Hizo ni kilomita 112.5 kwa saa, na huo nao ni wastani, maana yake kuna sehemu dereva alizidisha.

Tochi ya trafiki haijali wastani. Inasoma kasi ya papo hapo, yaani mwinuko wa mstari kwenye nukta moja, na ndiyo maana madereva wanawashiana taa: ukijua tochi iko wapi, unalaza mstari wako kwa mita mia chache na kuusimamisha tena ukishapita. Nchini Tanzania mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, hufuatilia mabasi kwa kifaa cha VTS kinachotuma mahali basi lilipo na kasi yake safari nzima. Kwa lugha ya grafu, tochi inaona nukta na VTS inaona mstari.

Wastani una mtego mwingine unaowanasa hata watu wazima. Basi linakwenda kilomita 120 kwa mwendo wa 60, linarudi njia ileile kwa mwendo wa 40. Wastani wa safari nzima? Karibu kila mtu anasema 50. Kwenda ni saa 2, kurudi ni saa 3. Kilomita 240 kwa saa 5 ni 48. Mwendo wa polepole unakula muda mwingi zaidi, kwa hiyo unauvuta wastani upande wake. Kwenye grafu hakuna haja ya kukumbuka sheria yoyote: unaunganisha mwanzo na mwisho wa jumla ya umbali kwa rula, na mwinuko wa mstari huo ndio wastani.

Safari hiyohiyo ya kwenda na kurudi inaweza kuchorwa kwa njia nyingine. Badala ya kujumlisha kilomita zote, weka kwenye mhimili wa wima umbali kutoka nyumbani. Sasa basi likiwa linarudi mstari unashuka, mwinuko wake ni hasi, na ishara hiyo ya kutoa ndiyo mwelekeo. Grafu ya namna hii inaonyesha velositi, si kasi tu, na watu walioitumia kwa uzito kuliko wote ni wa reli.

Katika karne ya 19 Mfaransa Étienne-Jules Marey, mtaalamu wa fiziolojia aliyependa kupima kila kinachosogea, alichapisha ratiba ya treni za Paris hadi Lyon iliyobuniwa na mhandisi Ibry. Haikuwa na safu za tarakimu. Saa za siku zilipangwa kwa mlalo, stesheni kwa wima kwa kufuata umbali kati yao, na kila treni ilikuwa mstari mmoja wa mshazari. Treni za kasi zilionekana kwa mistari iliyosimama, za polepole kwa iliyoinama, vituo vilikuwa vipande vifupi vilivyolala. Zilizotoka Paris zilielekea upande mmoja na zilizorudi zikaelekea mwingine, na karatasi nzima ilijaa misalaba. Kila msalaba ni treni mbili zinazopishana.

Kwenye reli yenye njia mbili msalaba unaweza kuangukia popote. Kwenye reli ya njia moja, kama TAZARA inayokwenda kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, msalaba lazima uangukie mahali penye njia ya pembeni, la sivyo treni mbili zinatazamana uso kwa uso. Chukua kipande cha kubuni cha kilomita 120, chenye njia za pembeni kwenye kilomita ya 40, ya 60 na ya 80. Treni ya mizigo inaondoka mwanzo wa kipande saa 2 asubuhi kwa kilomita 40 kwa saa. Ya abiria inaondoka mwisho wake saa 3, ikija upande wa pili kwa kilomita 60 kwa saa. Chora mistari miwili: inakatana saa 3 na dakika 48, kwenye kilomita ya 72, porini.

Mwongozaji wa treni ana njia mbili za kuusogeza msalaba. Akiupeleka kilomita ya 80, ya abiria inafika pale saa 3:40 na kusubiri dakika 20 mpaka mizigo ifike saa 4. Akiupeleka kilomita ya 60, mizigo inafika saa 3:30 na kusubiri nusu saa. Jumla ya muda unaopotea ni mdogo kwenye chaguo la kwanza, lakini saruji hailalamiki, kwa hiyo kwa kawaida mizigo ndiyo hukaa pembeni. Na ikiwa mizigo yenyewe imechelewa kuondoka kwa nusu saa, mstari wake unasogea kulia bila kubadili mwinuko, nayo itafika kilomita ya 60 saa 4 kamili, dakika ileile inayofika ya abiria. Ratiba inataka moja iwe imeshaingia pembeni kabla nyingine haijakaribia. Hapo msalaba unarudishwa kilomita ya 40: mizigo inaingia saa 3:30 na kukaa dakika 50, mpaka saa 4:20, abiria wapite.